Kalamu Katikati ya Mizinga

Hebu tuitazame picha moja, kisha tuulizane maswali. Ni picha ya rangi za mafuta, upana wake mita 3 hivi, kimo chake nusu ya hapo. Katikati imekaa manowari ya Kiholanzi iitwayo Gouden Leeuw, maana yake Simba wa Dhahabu. Mizinga inatema moto, moshi umetanda juu ya maji, na bendera inapepea kama vile haina habari na kifo kinachopita chini yake. Hili ni pigano la Texel, tarehe 21 Agosti 1673, Waholanzi upande mmoja, Waingereza na Wafaransa upande wa pili. Mchoraji ni Willem van de Velde, Mholanzi wa kuzaliwa, na picha yenyewe ni ya mwaka 1687.

Mpaka hapo hakuna la ajabu. Mholanzi kachora chombo cha kwao, nani wa kumlaumu? Lakini sikiliza, ndugu msomaji. Wakati anaichora picha hii, Van de Velde alikuwa mkazi wa Uingereza. Alikuwa ameishi huko miaka zaidi ya kumi, na aliyempa riziki ni mfalme wa Uingereza, yaani mkubwa wa wale wale wanaotandikwa mizinga na Gouden Leeuw ndani ya picha. Sasa huyu ni mtu wa namna gani? Msaliti? Mchumia tumbo? Au ni shahidi wa kweli aliyeona mbali kuliko bendera? Sisi tunaoshika kalamu tuna sababu ya kulitaka jibu lake, maana swali hili litatufika na sisi siku moja, kama halijatufika bado.

Tuanzie mbali kidogo. Uholanzi ya miaka ya 1600 ilikuwa jamhuri ya majimbo saba, nchi ndogo, na sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Maisha yao yote yalipitia majini: samaki wa heringi, nafaka kutoka Baltiki, chumvi, na tangu kampuni yao ya Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1602, viungo kutoka Asia. Bila vyombo, Mholanzi hali. Kwa hiyo mahali ambapo nchi nyingine wangetundika sura ya mfalme amekalia farasi, huko kwao wakatundika merikebu. Na walitaka merikebu yenyewe, ile ile, siyo merikebu yoyote tu. Mtu atazame aseme, naam, ndiyo hii, naijua.

Aliyeifungua njia hiyo ni Hendrick Vroom wa mji wa Haarlem, aliyefariki mwaka 1640. Kabla yake vyombo vilichorwa zaidi kama pambo la hadithi nyingine. Vroom akavisogeza mbele vikawa ndiyo hadithi. Na angalia, tangu mwanzo kabisa fani hii ilikuwa haichagui mteja. Waingereza walipotaka kumbukumbu ya vita vyao vya mwaka 1588 dhidi ya manowari za Hispania, yule Mholanzi Vroom ndiye aliyewachorea mifano ya mazulia makubwa ya kutundika ukutani. Mazulia yale yalining'inia katika bunge lao London hadi yalipoteketea kwa moto mwaka 1834.

Sasa waje wenyewe, baba na mwana, wote wawili wakiitwa Willem van de Velde. Baba alizaliwa Leiden mwaka 1611, mwana mwaka 1633. Mzee hakuwa mtu wa rangi. Silaha yake ilikuwa kalamu, kama mimi na wewe. Alikuwa akipaka ubao au turubai rangi nyeupe, ikikauka anachora juu yake kwa wino, kamba moja moja, ubao mmoja mmoja, mpaka manowari inasimama mbele yako kama imechongwa. Mwana alipelekwa kwa fundi mwingine, Simon de Vlieger, akajifunza yale ambayo baba hakuwa nayo: mwanga, mawingu, na rangi ya maji bahari inapotulia na inapochafuka.

Kuichora manowari kulikuwa na kanuni zake. Chombo cha zama zile kilitambulika zaidi kwa shetri yake, yaani sehemu ya nyuma, kama vile daladala au matatu inavyotambulika kwa maandishi na michoro ya nyuma. Huko shetrini ndiko kulikojaa nakshi: simba, ngao za miji, watu wa kuchongwa, taa kubwa kubwa. Mzee Willem alikuwa akikaa kwenye mashua bandarini, nyuma ya chombo na pembeni kidogo, akichora kwa penseli, halafu anatia kivuli kwa wino wa kijivu. Karatasi za namna hii alizikusanya kwa wingi. Mwana akiwa karakanani akitaka kuchora chombo fulani, hakubuni. Alifungua bahasha ya baba.

Na ujue jambo moja. Maseremala wa Kiholanzi wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kuchora ramani ya merikebu kabla ya kuiunda. Ujuzi ulikuwa kichwani na mikononi. Merikebu ikizeeka inavunjwa, mbao zinauzwa, basi, imekwisha. Kwa manowari nyingi za karne ile, ushahidi mzuri tulio nao wa jinsi zilivyokuwa ni karatasi za mzee huyu. Hadi leo mtu akitaka kuunda mfano wa chombo cha zama hizo, huenda kuwapigia hodi akina Van de Velde.

Lakini bandarini ni bandarini. Kilichompa mzee jina ni kwenda vitani. Waholanzi na Waingereza walipigana mara tatu katika muda wa miaka 22: 1652 hadi 1654, 1665 hadi 1667, na 1672 hadi 1674. Chanzo kikubwa kilikuwa biashara na nani atawale njia za bahari. Mzee Willem alifuatana na manowari za kwao ndani ya chombo kidogo chepesi, akiwa na karatasi mapajani, mizinga ikipita juu yake. Katika pigano la Scheveningen mwaka 1653 alikuwepo. Mwaka 1666, katika lile pigano lililochukua siku nne, tarehe 11 hadi 14 Juni, alikuwepo pia, na Admirali Michiel de Ruyter mwenyewe aliamuru mchoraji apewe chombo cha kumzungusha.

Katika siku ya tatu ya pigano hilo, manowari kubwa ya Kiingereza, Royal Prince, ilipanda fungu la mchanga liitwalo Galloper ikakwama. Ilikuwa imeundwa mwaka 1610 na kuundwa upya baadaye, fahari ya wafalme kadhaa. Admirali George Ayscue aliyekuwa ndani yake hakuwa na la kufanya, akashusha bendera. De Ruyter akaamuru ichomwe moto. Willem mdogo aliichora saa ile ya kusalimu amri, na picha hiyo ipo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Kwa Mholanzi wa wakati ule, kutundika picha kama hiyo sebuleni ilikuwa sawa na sisi kutundika kikombe cha ubingwa.

Halafu ukaja mwaka 1672. Waholanzi wenyewe wanauita mwaka wa balaa. Wafaransa wakaingia kwa nchi kavu, Waingereza wakaja kwa bahari. Tarehe 20 Agosti, mjini The Hague, ghasia za watu zikawaua viongozi wawili, ndugu wa tumbo moja, Johan na Cornelis de Witt. Biashara ikaanguka, na biashara ya picha ikaanguka kwanza, maana mtu mwenye njaa hanunui picha. Wachoraji wengi walibaki na kazi zao mikononi. Wakati huo huo mfalme Charles II wa Uingereza akatoa tangazo la kuwakaribisha Waholanzi watakaotaka kuhamia kwake. Kati ya mwisho wa 1672 na mwanzo wa 1673, baba na mwana wakafunga mizigo, na vita vikiwa bado vinaendelea wakavuka kwenda kwa adui.

Wahenga walisema mtumikie kafiri upate mradi wako. Mradi ulipatikana. Mwaka 1674 mfalme alitoa hati: mzee apewe pauni 100 kwa mwaka kwa kuchora mapigano ya baharini, na mwana apewe pauni 100 kwa kuitia michoro hiyo rangi. Wakapewa na chumba cha kazi katika Queen's House, jumba la malkia huko Greenwich, kando ya mto Thames. Mmoja anaona, mwingine anatia rangi, mfalme analipa. Dili safi kabisa.

Kabla hatujawarushia mawe, tukumbuke kwamba si wao tu waliovuka. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakipigana miaka bila kulipwa fedha taslimu. Walipewa vikaratasi vya ahadi. Mwezi Juni 1667 Waholanzi walipoingia mto Medway, wakachoma manowari na kuondoka na Royal Charles, ndani ya vyombo vyao walikuwemo Waingereza. Samuel Pepys, aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya jeshi la majini la Uingereza, aliandika katika shajara yake habari alizoletewa, kwamba Waingereza hao walisikika wakisema zamani walipigania vikaratasi, sasa wanapigania fedha. Tumbo halina bendera, bwana.

Sasa tufike kwenye kiini. Tarehe 7 Juni 1672, kabla ya kuhama, kulikuwa na pigano la Solebay kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza. Mzee Willem alikuwepo, upande wa Waholanzi, akichora. Siku hiyo manowari ya Kiingereza Royal James ilishikwa na chombo cha moto, yaani merikebu iliyojazwa vitu vya kuwaka na kuachiwa imgonge adui, ikateketea yote. Kiongozi wake, Edward Montagu, Earl wa Sandwich, alikufa maji. Baadaye maiti yake iliokotwa baharini, ikatambuliwa kwa mavazi na nishani yake.

Miaka michache baadaye Charles II alitaka mazulia ya kutundika ukutani kuhusu pigano hilo hilo la Solebay. Kazi ya kuyabuni akapewa nani? Mzee Willem van de Velde. Yale aliyoyachora akiwa ubavuni mwa Waholanzi yakawa msingi wa pambo la jumba la mfalme wa Kiingereza. Pigano ni lile lile, mkono ni ule ule, mnunuzi tu ndiye aliyebadilika.

Hapa wengi watasema, si unaona, msanii hana msimamo. Mimi nasema ngoja kwanza. Tazama zulia lenyewe linaonyesha nini. Mojawapo linaonyesha Royal James inaungua. Mfalme amelipa fedha yake, halafu anatundikiwa ukutani manowari yake mwenyewe ikiteketea! Hakuletewa hadithi ya uongo kwamba Waingereza walifagia bahari siku ile. Angeweza kulifanya liwe tukio la ushujaa, na alilifanya hivyo, lakini tukio lenyewe halikufutika, kwa kuwa mtu aliyelibuni alikuwa ameliona kwa macho yake.

Basi nikazirudia picha zao nyingine na kugundua kanuni ambayo sijaikuta imeandikwa popote. Katikati ya picha ni mali ya mwenye fedha. Pembeni ni mali ya shahidi. Mteja ndiye anayeamua manowari ipi ikae katikati, bendera ya nani ipate mwanga, saa ipi ya siku ichorwe. Sawa. Lakini sogeza jicho pembezoni. Huko utaona vimashua, watu wadogo kama siafu wanapiga makasia, vipande vya milingoti vinaelea, tanga limetoboka. Hivyo hakuna aliyeviagiza. Na katika baadhi ya michoro ya mzee, pembeni huko huko, kuna chombo kidogo, na ndani yake mtu ameinama juu ya karatasi. Ni yeye mwenyewe. Hakujiweka katikati. Alijiweka pale alipokuwa, kana kwamba anasema: nilisimama hapa, niliona kutokea hapa.

Turudi sasa kwa Gouden Leeuw. Siku ile ya Texel ilimbeba Cornelis Tromp. Mpinzani wake alikuwa Edward Spragge wa Uingereza, na wawili hawa walitafutana kama majogoo, wakaacha vita vya wenzao na kupigana vyao. Spragge alipigiwa manowari yake ikawa hoi, akahamia nyingine. Nayo ikaharibiwa, akashuka kwenye mashua ahamie ya tatu. Mashua ikapigwa, akazama. Mwaka 1686 Van de Velde aliichora Gouden Leeuw imetulia mbele ya mji wa Amsterdam, na mwaka uliofuata akaichora vitani. Mfalme wa Uingereza mwaka huo wa 1687 alikuwa James II, ambaye ndiye aliyeongoza manowari za Kiingereza kule Solebay. Chini ya mfalme huyo, mtu alikaa Uingereza akachora ushindani wa Waholanzi bila kuwapunguzia hata mzinga mmoja. Uzalendo haukumwongoza, wala chuki. Aliongozwa na rundo la karatasi ambazo baba yake alizichora kwa uaminifu. Karatasi zikiwa za kweli, hazijali umezifungua katika nchi gani.

Hata hivyo nisiwapambe kupita kiasi. Lipo jambo ambalo picha zao kubwa zilishindwa kulisema. Hazituingizi ndani. Nyuma ya kila tundu la mzinga kulikuwa na vijana wa umri wetu, katika joto, giza na moshi, wengine Waholanzi, wengine waliotoka Ujerumani na Norway kutafuta kibarua. Manowari kubwa ilibeba mamia yao. Admirali aliyekufa tunalo jina lake, na nishani iliyomtambulisha tunaijua. Hawa wengine ni vitone vya rangi. Mchoraji alihesabu kamba zote za mlingoti, lakini uso wa mtu anayezipanda kamba hizo hakuwa na nafasi nao. Hakuna aliyelipia nyuso, naye hakuzichora bure. Hilo ni deni, na halijalipwa mpaka leo.

Ndiyo maana nasema habari hii ni yetu. Kijana wa mjini anayejua kupanga maneno hakosi wateja. Huyu anataka shairi la kampeni, yule anataka makala ya kumsifu mdhamini, mwingine igizo la semina lenye ujumbe ulioandikwa tayari. Ukikataa yote utalala njaa, na kazi zako zitasomwa na rafiki zako watatu pale kijiweni. Ukikubali yote bila kufikiri, utakuwa tarumbeta, na tarumbeta haina kumbukumbu. Akina Van de Velde wanatuonyesha njia ya tatu, nayo si nyepesi. Kwanza nenda mahali penyewe, uone, uandike pale pale kabla hujajua nani atanunua. Hizo karatasi za mwanzo zisiuzwe kwa mtu. Zikae kwako. Baadaye mteja akija, mpe katikati kama lazima, lakini pembeni usimwachie. Pembeni weka ulichokiona. Na pale walipoishia wao, wewe songa mbele: ingia ndani ya manowari, toa jina la yule kijana aliyeshika kamba.

Mzee alifariki London mwaka 1693, mwana akamfuata mwaka 1707. Wafalme waliowalipa wamebaki kuwa majina ya mitihani. Gouden Leeuw imekwisha, mbao zake hazijulikani zilikwenda kuwa nini. Karatasi za baba na mwana zipo, zaidi ya elfu moja katika jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich peke yake, na Queen's House walimofanyia kazi sasa ni sehemu ya jumba hilo. Mwaka 2023, ilipotimia miaka 350 tangu wahamie Uingereza, michoro yao ilitundikwa humo watu wakaja kuitazama. Penseli imefifia kidogo tu. Unaweza bado kuhesabu matundu ya mizinga, moja moja, upande mzima wa chombo, kutoka omo hadi tezi.